Ugoko wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Kocha amewagawia wakimbiaji wake wote, kila mmoja na lake, waandike kila siku wamekimbia mizunguko mingapi, wamelala kwa muda gani, na kama mwili unauma waandike unauma kiasi gani, kuanzia sufuri mpaka kumi. Kishada amelitupa juu ya kabati la vyombo. Anasema yeye kapewa miguu ya kukimbilia, mikono ya kuandikia wamepewa wengine. Basi nimelichukua mimi. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupitisha madarasa mengine uangaliwe. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Kishada ni binti yangu, wa pekee, ana miaka kumi na saba. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa mdogo, maana ukimwachia tu keshapaa, wewe umebaki na uzi mkononi. Anakimbia mita elfu moja na mia tano. Tarehe kumi Mei kuna mchujo. Wasichana wawili wa kwanza wanachukuliwa chuo cha michezo, kula bure, kulala bure, kusoma bure. Wawili. Mimi najiuliza tu huyo wa pili atakuwa mtoto wa nani.

Leo: mizunguko minane. Ugoko wa kushoto unamuuma. Sita.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana.

Jumanne, 4 Machi

Mizunguko sita. Ugoko, sita. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Saba. Amepanda ngazi za nyumbani kwa kushikilia ukuta. Kocha amemwambia apumzike wiki mbili, na ukitoa wiki mbili hapo mchujo uko mlangoni. Ameingia bafuni akafungua bomba ili nisisikie analia. Mtoto nimemzaa mwenyewe halafu anadhani bomba litanidanganya.

Nilikuwa naanua nguo nikakutana na Mama wa Ghorofani, jirani yetu wa juu. Huyu ndiye yule aliyekuwa akishuka ngazi kinyumenyume mwaka mzima kwa sababu ya mgongo. Sasa alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, moja huku, moja huku, anapanda kama msichana anayekimbilia posa. Nikamuuliza ni dawa gani. Akasema si dawa, ni sindano. Kuna mwanamke mmoja mtaalamu, anachoma sindano nyembamba kama unywele na kunyoosha mifupa ya mgongo kwa mikono, na ukitoka pale unasahau kwamba uliwahi kuumwa.

"Mpeleke mwanao, Mama Kishada," akaniambia. "Ila uende naye wewe. Anataka kila mgonjwa aje na mtu wake."

Nikamuuliza yeye alikwenda na nani. Na mumewe. Nikauliza hali ya mzee, sijamwona siku nyingi. Akasema yupo, siku hizi anapenda kukaa tu.

Jumatano, 12 Machi

Tumekwenda. Niandike yote, maana sijawahi kuona mahali pa namna ile.

Ni juu ya duka la rangi, kwa hiyo ngazi zote zinanuka rangi mbichi. Juu kuna chumba cha kusubiri, viti viwili viwili, kila jozi na ukuta wake, na hakuna anayezungumza. Mimi nilisalimia. Waliitikia kwa vichwa. Ukutani kuna picha ya mtu asiye na ngozi, mwili mzima una vitone, na pembeni yake tangazo la kuandikwa kwa mkono, herufi kubwa: ANAYESHIKA ASISEME. Nikamnong'oneza Kishada kwamba hapa wamenikomesha. Akanifinya ninyamaze.

Mbele yetu aliingia kijana mmoja mcheza mpira, goti limevimba, kaegemea bega la baba yake. Walipotoka, kijana alikuwa anatupa mguu kama mwanajeshi. Baba mtu alitembea nyuma yake taratibu, mkono ukutani. Nikasema moyoni, uzee huo, viti vyenyewe vigumu.

Mtaalamu ni mwanamke mfupi, mikono midogo kama ya mtoto, haangalii usoni sana. Alimlaza Kishada kifudifudi, akapapasa uti wa mgongo pingili moja moja, akasema msichana huyu ana wasiwasi mwingi, mgongo wake umekaza kama kamba ya kuanikia. Kishada akasema hana wasiwasi. Mtaalamu akamgeuza ubavu, akamshika bega na nyonga, akasukuma mara moja tu, na mgongo wa mwanangu ukalia kama kijiti kikavu. Nikaruka. Kishada akacheka, akasema amejisikia mwepesi.

Kisha sindano. Kabla ya kuanza aliniweka miguuni, akaniambia nishike kisigino cha kushoto kwa viganja viwili, nisikiache, na nisiseme. "Mwili ukishikwa na mtu wake hauogopi," akasema. "Lakini ukimya, mama."

Kumi na moja zingekuwa zote. Mimi sindano siziogopi, ila ile ya tano ilipoingia juu ya kifundo, Kishada aliuma mto, na kile kisigino kikatetemeka mikononi mwangu, kisigino kilekile nilichokuwa nakikanda mafuta alipokuwa hajaanza kusimama. Maneno yakanitoka. Nilisema anachosema kila mama mtoto akiumwa: "Pole mwanangu, maumivu yako yanipate mimi."

Mtaalamu akasimamisha mkono. Akaangalia tangazo, kwa maana na humo ndani lilikuwemo jingine. Halafu akaniangalia mimi usoni, mara ya kwanza.

"Umesema," akaniambia.

Nikamwambia hayo si maneno, ni mdomo wa mzazi tu. Alimalizia sindano sita zilizobaki polepole, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtu mwingine. Viganja vyangu vikaingia baridi mpaka kwenye kiwiko.

Tulishuka ngazi Kishada akiwa mbele, mbilimbili. Aliniambia nifanye haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Sufuri.

Jumamosi, 15 Machi

Mizunguko kumi na mbili. Sufuri. Kocha amembonyeza ugoko kwa kidole gumba, hajakunja hata uso. Nilimwambia Kocha kwamba mwanangu ameumbwa kwa udongo wa aina yake.

Jumanne, 18 Machi

Mimi nafanya kazi kiwanda cha dobi. Napiga pasi ya mvuke, mashuka ya hoteli na ya hospitali, miaka kumi na tisa nimesimama meza ileile na sijawahi kulalamikia mguu. Leo saa kumi na nusu jioni ugoko wangu wa kushoto umeanza kuuma. Kama mtu anayeubonyeza kwa gumba, anaacha, anabonyeza, anaacha. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro, ukaisha.

Kishada: mizunguko kumi. Sufuri.

Alhamisi, 20 Machi

Tena saa kumi na nusu. Mwenzangu anayekunja mashuka, sisi tunamwita Mkunjaji, akanicheka, akasema uzee haupigi hodi. Nikamwambia aangalie magoti yake kwanza.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna mazoezi. Mguu wangu mzima kabisa. Nimefua mapazia.

Jumanne, 25 Machi



Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, uwanja umejaa maji, na Kocha alituma ujumbe mazoezi hakuna. Saa kumi na nusu nikatega mguu wangu. Kimya. Nikajicheka, nikasema mwanamke mzima naogopa saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika kumi ukaanza. Safari hii haukuwa gumba. Ulikuwa mpigo, kisha nafasi, kisha mpigo. Sijui kwa nini nilianza kuhesabu. Ilifika ishirini na tisa, ikanyamaza muda wa mtu kuvuta pumzi na kugeuka, ikaanza tena mpaka ishirini na tisa. Hivyo mara kumi.

Kishada alirudi amelowa. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida: ulikuwa wapi. Akasema asingeweza kukaa bure, alikwenda chini ya jukwaa kuu la uwanja, pana paa, akakimbia ngazi juu na chini.

"Ngazi ngapi?" nikamuuliza.

"Hamsini na nane."

Ishirini na tisa za mguu wa kushoto. Ishirini na tisa za kulia, ambazo mimi hazinihusu.

Nikamwambia akabadilishe nguo asije akashikwa na mafua.

Jumatano, 2 Aprili

Nimelifikiria jambo hili siku nane, nimeligeuza kama shuka, upande huu na upande huu. Mwanzo niliogopa. Sasa siogopi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, si ndivyo wanavyosema? Wao wanasema tu. Mimi ninao, hapa, chini ya goti. Nani mwingine duniani anasimama kazini kwake na anajua mwanawe sasa hivi anapiga kona ya mwisho? Akiongeza kasi najua. Akisimama kunywa maji najua. Nikitembea naye hivi mpaka tarehe kumi, shida iko wapi? Mabega yangu yamebeba mengi kuliko ugoko mmoja.

Leo amepunguza sekunde nne kwenye muda wake bora. Kocha alipiga simu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua, ila nilimwacha aseme. Nimewaambia kiwanda kizima. Msimamizi ameahidi siku ya mchujo atatupa ruhusa, mabibi kumi na wawili, twende uwanjani. Mama wa Ghorofani akanitania kwamba mtoto ndiye anayekimbia lakini mama ndiye anayehema. Nilicheka kuliko alivyotarajia.

Yeye sufuri. Mimi sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Saba. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Kishada alikuwa chumbani anatafuta soksi. Ghafla ugoko ukanipasuka kama umepigwa kwa chuma, nikaangusha ungo, nikapiga kelele. Akaja mbio.

"Umejigonga wapi, Mama?"

Nilikuwa nimekaa chini katikati ya mchele, sijajigonga popote. Nikaangalia mguu wake. Ugoko wa kushoto ulikuwa umechanika upana wa vidole viwili, damu imeshafika kwenye kisigino, ameiacha sakafuni nyayo hadi nyayo kutoka chumbani. Ni ukingo wa kitanda. Alipitia pale kwa nguvu, na hakujua.

Akafuata macho yangu, akaiona. Alitazama ile damu kama mtu anayetazama kiatu cha mwenzake. Akainama, akaingiza kidole kwenye kidonda. Mimi nikang'ata ulimi.

"Sisikii kitu," akasema. "Mama, mbona sisikii kitu?"

Nikamwambia ana ngozi ngumu kama ya marehemu baba yake. Nikamsafisha, nikamfunga. Kila nilipogusa nilikuwa najigusa.

Usiku huu nimeandika sufuri kwenye mstari wake. Ni kweli. Ni kweli na nimeona haya kuiandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeanza kuchechemea. Nimewaambia nimeteleza bafuni.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepanda kwa Mama wa Ghorofani kumrudishia chujio. Hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi na mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, mbali na meza, mbali na dirisha, mikono miwili nyuma ya kiuno. Mzee huyu alikuwa fundi wa kufunga madirisha, mtu wa kupanda na kushuka. Alinitazama nikivuka kizingiti, akatazama ninavyoutua mguu.

"Wa nani huo?" akaniuliza.

Sikujifanya sijaelewa. Nikasema wa binti yangu.

"Mimi wa mke wangu," akasema. "Nilimshika kisigino, nikasema. Lile tangazo nililisoma vizuri, bibie. Nilisema hivyohivyo."

Nikamuuliza kama mkewe anajua. Akasema hajui, na nisithubutu. Jioni yeye akimsikia mkewe anapanda ngazi kwa mwendo ule anafurahi, huwa anakaa hapo kusubiri tu zile hatua. Mvua ilikuwa inagonga bati la jirani.

"Tatizo ni moja," akasema. "Sasa ananyanyua kila kitu. Juzi kahamisha kabati peke yake. Mimi nilikuwa hapa nimeuma kitambaa, nasema tua, tua. Lakini hakuna wa kumwambia tua. Aliyekuwa akimwambia ninaye mimi."

Tukasikia hatua. Kweli, mbilimbili. Mzee akatengeneza uso, na alipoingia mkewe akamwambia kwa utani kwamba mgeni amekaa hadi chai imekataa kuchemka. Walicheka wote wawili. Nikashuka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nane.

Jumamosi, 19 Aprili

Nane. Amekimbia vizuri ajabu.

Alhamisi, 24 Aprili

Maumivu yamebadilika.

Shuka likitaka kuchanika, sisi wapiga pasi tunajua kabla. Ukilivuta kunyoosha pembe, kuna kisauti, si cha kuchanika, ni cha nyuzi zinazoachana moja baada ya nyingine, ndani, wakati juu bado jeupe limetulia. Ukisikia hivyo unaacha kuvuta. Ukivuta mara moja zaidi, limekwenda lote kutoka pindo hadi pindo.

Leo saa kumi na moja nimekisikia kile kisauti kwenye ugoko.

Niliomba ruhusa nikaenda kwa mtaalamu peke yangu. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa, viti viwili viwili, na safari hii sikutazama wagonjwa. Nilitazama waliowaleta. Mama na mwanawe. Kaka na dada. Mume mmoja amekwishakishika kiganja cha mkewe, midomo inamchezacheza, maneno yako tayari mlangoni. Nilitaka kumwambia asiseme. Lakini pale hatuzungumzi.

Mtaalamu hakushangaa kuniona. Nikamwambia atoe alichoweka. Akasema yeye hakuweka kitu kwangu, sindano zote alizichoma kwa msichana na zote alizitoa. "Mimi nafungua mlango tu, mama, ili maumivu yatoke yapotee. Ukiyaita, yanakuja kwa aliyeita. Nimeandika ukutani. Wazazi hamsomi."

"Tunasoma," nikamwambia.

Akakubali kwa kichwa. Nikamuuliza yanarudije. Akasema yaliingia kwa mdomo, yatatoka kwa mdomo. Nimwambie mwenyewe, ana kwa ana, yote yalivyo, bila kupunguza na bila kupamba, na yeye asikie. Nikipunguza hata kidogo, hayatanyanyuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Usichelewe sana," akasema. "Mfupa husema kwa maumivu, hauna mdomo mwingine."

Nimerudi nyumbani na maneno yote nimeyapanga. Kishada alikuwa mezani anakula, mguu juu ya stuli, anaimba. Alikuwa amepata fomu ya chuo cha michezo, ameijaza yote kwa mwandiko wake mbaya, na penye nafasi ya kuandika nani amekusaidia kufika hapa alikuwa ameandika: Mama yangu.

Sikumwambia.

Ijumaa, 25 Aprili

Nane.

Jumatatu, 28 Aprili

Nane. Mkunjaji ameleta kitambaa, tunashona sare mabibi wote kumi na wawili. Cha manjano.

Jumamosi, 3 Mei

Tisa. Yeye kalala vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Tisa. Kocha amepiga simu, ameuliza daftari linasemaje kuhusu ule ugoko. Nikasema sufuri, Kocha, tangu tarehe kumi na tatu Machi, hata moja hakuna. Akasema nimelea chuma. Nilipokata simu sikuweza kuuweka mguu chini mpaka chai ikapoa.

Nimejiuliza leo, kwa nini husemi? Nikajijibu, ili asikose nafasi yake. Nikajiuliza tena nikiwa nimesimama mbele ya kioo na lile gauni la manjano. Safari ya pili sikujijibu.

Jumamosi, 10 Mei

Mbio zilikuwa saa nne asubuhi. Sasa ni saa tisa mchana, nimekaa kwenye benchi la hospitali, nimetuma daftari liletwe kutoka nyumbani. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na uwanja ulikuwa unatoa mvuke kama meza zetu za pasi. Tulikaa safu ya tatu, manjano tupu, Mkunjaji na filimbi. Watu waliuliza ninyi kina nani, na wenzangu wakawa wananionyesha mimi kwa vidole. Nilijisikia vizuri. Sitasema uongo hapa, nilijisikia vizuri sana.

Wasichana wakaanza kupasha misuli. Kishada alikimbia taratibu upande wa mbali, na kila alipotua mguu wa kushoto, uzi mmoja. Uzi mmoja. Uzi mmoja. Alipoufikia upande wetu akatupungia mkono, akaruka juu mara mbili kuonyesha kwamba yuko tayari. Ile ya pili niliisikia mpaka kwenye meno. Mtu aliyekaa mbele yangu akageuka kuniangalia, nadhani nilitoa sauti.

Nikashuka. Ngazi zile sijui niliziteremka vipi. Wenzangu walifikiri nakwenda kushangilia kwenye uzio, wakaanza kupiga makofi na kuimba. Nikamwita. Alikuja akihema, uso unang'aa.

"Mama, sasa hivi? Tunaitwa kwenye mstari."

Nikamwambia asikimbie. Akacheka. Nikamwambia mguu wake unauma. Akasema hauumi, na mimi ninajua, si ndiye ninayemwandikia sufuri kwenye daftari.

"Unauma," nikasema. "Ninao mimi. Unauma kidogo."

Hakuna kilichotokea. Mguu wangu ukabaki palepale na moto wake. Nikajua nimepunguza.

Nikashika ule uzio kwa mikono miwili. Nikamwambia si kidogo. Ni tisa, na tangu asubuhi umepita tisa. Nikamwambia uko wapi, vidole vitano chini ya goti, upande wa ndani, mahali padogo kama kucha. Nikamwambia ulianza kama gumba, ukawa nyundo, na sasa ni nyuzi zinaachana na zilizobaki ni chache. Nikamwambia zile ngazi ishirini na tisa za mguu wa kushoto chini ya jukwaa, na ukingo wa kitanda, na kwamba ile kelele ya jikoni ilikuwa yake. Nikamwambia nimejua tangu Machi. Alikuwa ameacha kucheka. Mwamuzi alikuwa anaita majina. Bado mguu haukunyanyuka, kwa maana lilibaki jambo moja, na hilo nilikuwa sijaliandika hata humu.

"Nilinyamaza," nikamwambia, "kwa sababu nilitaka kuwa mama wa mshindi. Si kwa ajili yako. Nilivaa nguo hii nikajiangalia kwenye kioo, nikaona bora uvunjike baada ya mbio kuliko kabla."

Sikuona kitu kikitoka. Niliona tu uso wake. Ulikuwa unanitazama mimi, halafu ukaacha kunitazama, ukageuka ndani, kama mtu aliyesikia hodi kwenye chumba cha nyuma. Rangi ikamtoka mdomoni. Akautafuta uzio kwa mkono, akaukosa, akakaa kwenye nyasi mbichi, akaushika ugoko wake kwa viganja vyote viwili, na ile sauti aliyoitoa naijua kwa sababu nimeishi nayo koo langu limefungwa wiki nane.

Mimi mguu wangu ulikuwa mwepesi hadi nikayumba.

Bastola ikalia. Wasichana wengine wakapita mbele yetu, wote kwa pamoja, matope yakiturukia.

Kocha alikuja, na watu wa machela. Walipokuwa wanambeba, Kishada alinishika mkono wa gauni, akanivuta nikainama.

"Hii ndiyo uliyokuwa unatembea nayo?" akaniuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Ndiyo."

"Unapiga nayo pasi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akaniachia ule mkono.

Daktari ametuonyesha picha. Mfupa una ufa, umeanza upande wa ndani na umevuka karibu wote. Kilichobaki kimeshika ni chembamba kama ukingo wa sahani. Alisema kwa mbio zile usingefika mzunguko wa pili, na ukikatika namna ile wengine hawakimbii tena maisha yao. Sasa watamfunga plasta, miezi mitatu au minne, halafu wataangalia. Mwakani huenda. Aliuliza mara mbili alikuwa anatembeaje na kitu hiki, hakuwa anahisi? Kishada aliangalia dirishani. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mashuka ya hapa nayafahamu. Ni yetu.

Jumanne, 13 Mei

Yuko nyumbani, mguu mweupe juu ya mito. Wenzangu wa kiwandani wamekuja kumwona, bila sare. Mkunjaji alijaribu kuchekesha. Kishada aliwashukuru kwa adabu, wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Mimi ananiambia tu naomba maji, na asante.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zinaelekea ukingoni. Mchana kutwa jua.

Saa kumi na nusu ilinikuta kazini, na nikatega mguu wangu kwa mazoea. Hamna kitu. Nilisimama pale na pasi mkononi, shuka la watu linasubiri, nikiusikiliza mguu mzima, imara, wa mwanamke anayesimama miaka kumi na tisa. Sikujua yuko wapi. Sikujua kama amelala au ameamka, kama anaumwa, kama analia na bomba limefunguliwa. Wiki nane nilikuwa naye kila hatua, na sasa alikuwa upande wa pili wa mji kama mtoto wa mtu mwingine yeyote.

Nikaomba ruhusa, nikarudi mapema. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa. Zamani ningeingia. Nikasimama nje na viatu mkononi.

"Unauma?" nikauliza.

Nilisubiri, sikio kwenye mbao, sina chochote mwilini cha kunijibia.

"Unauma, Mama," akasema mwishowe. "Niachie kidogo."

Nikakaa chini pale mlangoni, nikamwachia.